Nyuma ya Simu

Mpwa wangu ana miezi 13, na kwa miezi 6 sasa mamake amekuwa simu. Sitii chumvi. Ukimuuliza "Mama yuko wapi?" hatazami mlango wala njia ya kuendea barabarani. Anatazama juu ya kabati, pale ninapochajia simu yangu, halafu anainua mkono na kufumba na kufumbua vidole. Hiyo ndiyo "nipe" yake.

Dada yangu yuko Riyadh, kazi za nyumbani, mkataba wa miaka 2. Huku kwetu Mwabungo, kusini kidogo ya Diani, hiyo si habari ya kumfanya mtu aweke kikombe chini. Mvua za masika zikianza hoteli zinapunguza watu, na kila mtaa una msichana wake Saudia, Qatar au Omani. Kilichonibana mimi ni swali aliloniuliza usiku wa kabla ya safari, tumekaa kwenye jamvi, yeye anakunja nguo, mtoto amelala katikati yetu.

"We si ulisomea mambo ya akili? Hebu niambie basi. Nikirudi, atanijua?"

Nilisomea, ndiyo, nusunusu. Saikolojia, mihula minne, Nairobi. Karo ikakataa, nikarudi nyumbani, na sa hivi naandika chochote kinacholipa: maelezo ya vyumba vya kukodisha ufukweni, makala za watu wasiotaka kuandika makala zao. Swali la dada halilipi chochote, na ndilo nililolifanyia kazi kuliko yote. Husoma usiku, bando likiruhusu. Na asubuhi nina mtu wa kumtazama, maana bwana mdogo analala kwenye neti moja na mimi.

Msomaji asiye wa huku asishangae kwamba ni mjomba anayelea. Kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kuja Idi na biskuti. Zamani urithi ulifuata upande wa mama: mtu alirithiwa na watoto wa dadake, si wanawe. Dini na sheria zimeyageuza hayo, lakini mazoea hayafi haraka. Niliposema mtoto atabaki na mimi na mamangu, hakuna aliyeuliza mara mbili.

Tuanze na macho. Mtoto anapozaliwa anaona ukungu. Kinachomkaa sawasawa machoni ni kile kilicho umbali wa kama sentimita 20 hadi 30, ambao kwa bahati, au si kwa bahati, ndio umbali wa kutoka ziwani hadi usoni pa mama. Na si kwamba anatazama tu kinachokuja mbele. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani waliwapitishia watoto waliozaliwa dakika chache tu nyuma vibao vilivyochorwa. Kimoja kilikuwa na uso, kingine kilikuwa na macho, pua na mdomo zilezile lakini zimevurugwa. Watoto waligeuza kichwa kuufuata uso mbali zaidi. Hawajanyonya, hawajamjua mtu, na tayari wanatafuta mtu.

Masikio nayo yameshafanya kazi tumboni. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa watoto wasiotimiza siku 3 chuchu ya mpira iliyounganishwa na tepu. Wakinyonya kwa mwendo fulani wanasikia sauti ya mama, wakibadilisha wanasikia ya mwanamke mwingine. Wakajifunza haraka mwendo wa kumleta mama. Niliposimulia hili jikoni, mamangu, ambaye amezaa saba, hakuacha kukuna nazi.

"Hilo nalo walilipwa kulichunguza?"

Walilipwa, mama. Ila liko ambalo hata yeye lilimnyamazisha, nalo ni la kima. Diani ina kima wengi kuliko pikipiki, na kwangu mimi kima wote ni sura moja, sura ya mwizi wa ndizi. Olivier Pascalis na wenzake walitoa utafiti mwaka 2002: mtoto wa miezi 6 huweza kutofautisha nyani mmoja na mwingine kwa uso, vile anavyotofautisha watu. Wa miezi 9 hawezi tena, na mtu mzima pia hawezi. Ubongo huanza ukiwa wazi kwa nyuso zote, kisha unakaza kwenye zile unazozihitaji. Miaka 3 baadaye walionyesha kwamba watoto wakitazamishwa picha za nyani zenye majina, kila nyani na jina lake, kuanzia miezi 6 hadi 9, uwezo ule haupotei. Kwa hivyo siku zile mpwa wangu alipokuwa anakodolea macho kima juu ya paa letu, huenda alikuwa anawajua mmoja mmoja, na mimi narusha mawe kwa kundi.

Mambo ni hayohayo kwa nyuso za binadamu. Mwaka 2006 Yair Bar-Haim na wenzake waliwalinganisha watoto wa miezi 3: Wazungu wa Israeli, Waethiopia walioko Ethiopia, na watoto wa Waethiopia waliohamia Israeli ambao kila siku waliona sura za aina zote mbili. Makundi mawili ya kwanza yalipendelea kutazama nyuso za watu wanaofanana nao. La tatu halikuchagua. Nikafikiria watoto wa Diani wanaobebwa mgongoni ufukweni huku mama zao wakiuza leso kwa watalii. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Lililonihusu mimi ni hili: mtoto anajuaje kwamba hiki ni kitu na huyu ni mtu? Kwa sababu dada yangu alikuwa anakwenda kuwa vyote viwili.

Amanda Woodward alilifanyia jaribio mwaka 1998 ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Mtoto anatazama mkono ukifikia mojawapo ya vitu viwili vya kuchezea, tuseme dubu, ukiacha mpira. Mara nyingi, mpaka anachoka kutazama. Halafu dubu na mpira vinabadilishana mahali. Mkono ukienda palepale pa zamani lakini sasa unashika mpira, mtoto wa miezi 6 anarudi kukodoa macho, kana kwamba anauliza: kwani si alikuwa anataka dubu? Ukiweka fimbo badala ya mkono, haulizi. Fimbo imekwenda pale, basi. Kwa mtoto wa miezi 6, mkono unataka na fimbo haitaki.

Tunaweza hata kuliona hilo kwenye ubongo wenyewe. Kuna kofia yenye taa ndogo zinazopitisha mwanga usioonekana kupitia fuvu. Damu ikiongezeka mahali fulani mwanga unarudi tofauti. Sarah Lloyd-Fox na wenzake waliwavisha watoto wa miezi 5 London na kuwaonyesha wanawake wakichezesha macho, midomo na mikono, kisha picha za magari na helikopta. Sehemu za ubongo karibu na sikio ziliitikia watu. Baadaye kofia hizo zilipelekwa Keneba, kijiji cha Gambia, mradi ukaitwa BRIGHT, na huko pia ubongo wa mtoto uliitikia watu. Nasema hivi kwa sababu saikolojia niliyofundishwa ilikuwa na tabia ya kumpima mtoto mmoja wa Marekani na kusema "mtoto." Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliandika kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa kwenye majarida makubwa ya fani hiyo walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Huku pwani tumeanza kujibu. Vuka Likoni, pita Mtwapa, ufike Kilifi: hapo Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha maendeleo ya watoto wa miezi 6 hadi 35, kikachapishwa mwaka 2008, kinaitwa kwa jina la Kilifi. Nilipokiona mara ya kwanza nilikuwa nimeshaacha chuo, na nilihisi kama nimeonyeshwa picha ya mtu wa kwetu kwenye gazeti la wageni.

Basi, simu. Ni mkono au ni fimbo?

Wiki za mwanzo ilikuwa fimbo. Alitaka kuila. Dada anamwita kwa jina, anaimba, analia akijificha, na mtoto anasukuma kioo chote mdomoni, kwa hivyo Riyadh kulionekana ulimi tu. Akiwa na miezi 8 na kitu nikaanza kufanya mchezo wa Jean Piaget, yule Mswisi aliyefichia wanawe vitu. Piaget alisema kabla ya kama miezi 8 mtoto hafukui kitu kilichofichwa kwa sababu kwake kitu kisichoonekana hakipo. Renée Baillargeon na wenzake walikuja kumpinga mwaka 1985: watoto wa miezi 5, wakionyeshwa ubao ukilala chini na kupita palipo na sanduku kama vile sanduku halipo, walitazama muda mrefu zaidi. Walijua sanduku liko, japo halionekani. Mikono tu ndiyo iliyochelewa. Nikaficha simu chini ya leso. Bwana mdogo akavuta leso, akaipata, akacheka. Sawa, kitu kipo.

Lakini mtu je? Jioni moja, miezi 9 na nusu, dada alikuwa ameshamaliza kuongea na kioo kimekuwa cheusi. Mtoto alikitazama. Akakigonga kwa kiganja. Halafu akaishika simu kwa mikono miwili, akaigeuza, akatazama nyuma.

Nilitoka nje nikakaa barazani.

Nimelifikiria tendo hilo kuliko kitabu chochote. Mtu hatafuti nyuma ya fimbo. Alikuwa ameshaamua kwamba ndani ya kile kitu kuna anayetaka, na kwamba akitoweka lazima yuko mahali. Makosa yake yalikuwa ya jiografia tu.

Sikumwambia dada siku ile. Nilimwambia baada ya wiki, nikichagua maneno, na akaniomba nimrekodie akifanya tena. Hakufanya tena.

Sasa kuna la mtandao. Mwaka 1985 Lynne Murray na Colwyn Trevarthen walichapisha jaribio ambalo ni kama walituona sisi kabla hatujazaliwa. Mama chumba kimoja, mtoto wa wiki 6 hadi 12 chumba kingine, wanaonana kupitia televisheni moja kwa moja. Walielewana vizuri kabisa: mtoto anaguna, mama anaitika. Kisha mtoto akachezewa kanda ya mama yuleyule, tabasamu lilelile la dakika chache zilizopita, lakini sasa haliitikii kitu. Mtoto akageuka pembeni, akachanganyikiwa. Waliolirudia jaribio hilo hawakupata jibu moja wote, na ni haki kulisema. Ila mimi nimeliona kwa macho yangu kila Ijumaa.

Maana Edward Tronick naye, miaka ya 1970, aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao kawaida, kisha waukaze uso kwa dakika chache: wasicheke, wasiseme, wamtazame tu. Mtoto hujaribu kila alichonacho. Anatabasamu, anainua mikono, anapiga kelele. Ikishindikana anageuza uso na kunywea. Sasa fikiria WhatsApp yetu ya Mwabungo mvua ikinyesha. Dada anacheka, picha inaganda katikati ya kicheko, mdomo wazi, macho nusu. Sekunde tano, kumi. Mtoto anamchekea. Anapiga makofi. Anasogea karibu. Halafu anageuza kichwa, na hapo ndipo picha inaporudi na dada anaona kisogo.

"Mbona hanitaki leo?"

"Mtandao huo, dada. Wewe uliganda."

"Si ungemwambia?"

Nilicheka, na yeye akacheka, lakini baada ya siku hiyo nilifanya jambo. Picha ikiganda tu naigeuza simu haraka, naiweka kifuani kwangu, namwambia bwana mdogo "Mama amefichama!" na kioo kikifunguka namrudishia, "Huyo!" Kuna watu watasema huo ni upuuzi. Mimi naona ni afadhali mama aliyejificha kuliko mama aliyekaa kimya anakutazama.

Na vitabu havisemi simu ni bure. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2016, kinakataza vioo kwa watoto wa chini ya miezi 18, isipokuwa kupigiana simu za picha. Hiyo "isipokuwa" niliisoma mara tatu. Ila mwaka 2003 Patricia Kuhl alionyesha kwamba watoto wa Marekani wa miezi 9 waliweza kuzishika sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyekaa nao chini kwa vipindi 12. Maneno hayohayo kwenye kanda hayakuwafunza kitu. Kanda si mtu. Simu yenye mtu anayekuitikia iko katikati, na katikati hapo ndipo familia nyingi za Kwale zinaishi.

Halafu kuna Uganda. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Kampala kwa sababu mumewe alipata kazi huko, na badala ya kukaa tu akaanza kutembelea vijiji vya karibu na mkalimani: familia 26, watoto 28, akiwatazama nyumbani kwao kila baada ya wiki mbili, kwa miezi. Nadharia nzima ya jinsi mtoto anavyomfanya mtu mmoja kuwa kituo chake, anatambaa mbali, anageuka kumwangalia kama bado yupo, anaendelea, ilianza kuonekana pale, kwenye nyumba za Waganda, kabla ya Baltimore na umaarufu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Chuoni tulisomeshwa ya Baltimore. Ya Uganda ilipita kama sentensi moja, na mhadhara ulikuwa Nairobi.

Kinachonipa moyo kwenye kazi yake ni kwamba watoto wale hawakulelewa na mtu mmoja. Walikuwepo bibi, shangazi, dada wakubwa, na mtoto aliweza kushikamana na zaidi ya mmoja, japo si wote kwa uzito mmoja. Kinachoninyima usingizi ni hichohicho.

Kwa sababu Riyadh nako kuna mtoto. Dada hakulisema mwanzoni. Ni wa tajiri wake, alikuwa na miezi 5 alipofika, sasa anakaribia mwaka. Yeye ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayelala chumba kimoja naye. Juzi aliniambia kwa sauti ya chini, si kama malalamiko, kama mtu anayetoa taarifa: akitoka chumbani kwenda kufua, yule mtoto hulia mpaka arudi. Mamake mzazi akimchukua, anamnyooshea dada mikono.

"Nikimwona vile," alisema, "najua huyo wenu anafanyaje kwa mama."

Anajua sawasawa. Bwana mdogo anatambaa hadi mlangoni, anageuka kumtazama mamangu kama bado amekaa kwenye kibao cha mbuzi, kisha ndiyo anatoka nje kufukuza kuku. Akianguka hakuji kwangu. Mimi ni mjomba wa kuchezea. Ana mtu wake, na kwa vipimo vyote nilivyovisoma hilo ndilo jambo jema kuliko yote yaliyompata mwaka huu.

Wiki iliyopita alisema neno. Mamangu alikuwa anapepeta mchele, na mtoto akamshika leso kwa nyuma, akasema wazi kabisa, "Mama." Mamangu alisimamisha ungo. Alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Halafu akajibu kwa sauti ndogo, kama mtu anayeazima kitu bila ruhusa, "Labeka."

Ijumaa dada alipiga, saa nne usiku kama kawaida. Saa zetu na zao ni sawa, ni kazi tu inayomchelewesha. Mtoto alikuwa amelala. Mtandao ulikuwa mzuri ajabu. Akauliza kama ameanza kuongea.

"Amesema mama," nikamwambia.

"Kwenye simu?"

"La. Kamwambia mama."

Hakujibu mara moja. Nilidhani picha imeganda, nikakaribia kuigeuza simu kifuani, lakini nikaona macho yake yanapepesa.

"Aliitika?"

"Aliitika. Kisha akaingia ndani, akakaa huko."

"Mwambie asiache kumuitikia," dada akasema. "Sawa? Mwambie nimesema mimi." Halafu akaniomba nisogeze simu chini ya neti, nisiwashe taa, amwone anavyopumua.